Mawe Meupe ya Silvesta

Mwaka wa 1958, mwezi wa sita, ukingo wa korongo lililo nje kidogo ya Njombe uliporomoka ukamfukia Silvesta akichimba mawe meupe. Watu walipomtoa, mkewe Idda alimfuta udongo usoni, akamfunga kidevu, kisha akaenda kuwasha moto wa kuwapikia waombolezaji. Hakulia. Majirani wakasema ana moyo mgumu. Yeye mwenyewe hakujua ana nini. Ugali haukuwa na ladha, na baridi ile inayowafanya watu wajifunge blanketi mchana hakuisikia.

Wiki ya sita alikuja Agustino, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, Makambako kuna mtu ananunua mawe. Twende tukajue kaka alikuwa anachimba nini."

"Twende," Idda alisema. Angeambiwa wabaki, angebaki.

Walipakia gunia la Silvesta kwenye lori lililobeba magome ya miti ya miwati. Agustino akaongeza kikapu cha mawe aliyoyakuta yamerundikwa kando ya shamba la ulezi. Idda alikuwa akiyaokota wakati wa kulima, maana yalimharibia jembe. Yalikuwa mabaya, yana vishimo, yamefanana na viazi vilivyokauka.

Mnunuzi aliitwa Mikaeli. Zamani aliwabebea mizigo Wazungu waliopima miamba, akajifunza kwao. Sasa alikuwa na chumba karibu na njia panda. Alimpa Idda pole ya msiba, akawaletea chai, akafungua gunia.

Alichukua jiwe jeupe, akalivunja kwa nyundo, akaligeuza juani. Akavunja la pili, na la tatu. Akaacha.

"Mama, haya ni mawe ya kawaida. Tazama hapa lilipovunjika, limekuwa chengachenga kama chumvi ya mawe. Yamejaa nchi nzima. Hayana bei."

Agustino alisimama. "Yote?"

"Yote, bwana."

Kisha Mikaeli akavuta kikapu. Alilowesha jiwe moja kwa maji, akaligonga kidogo akisikiliza kama lina ufa, akakata kipande pembeni. Palipokatika palikuwa laini kama nta. Aliinua kipande kile kwenye mwanga, ukingo wake ukapitisha rangi ya asali, na ndani mistari myembamba ikazungukana.

"Hii ni akiki," alisema taratibu. Akachukua jingine, la kijivujivu, lisilo na mistari. "Na hili ni kalkedoni. Ni ndugu wa akiki, ila bei yake ni ya chini." Idda alilikumbuka jina hilo kutoka kanisani, hakuwahi kudhani ni jiwe la kushikika. "Nani aliyachimba haya?"

"Hayakuchimbwa," Idda alijibu. "Yapo juu tu, kwenye ulezi. Tunayakanyaga."

Agustino alifunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti mbele ya watu waliopita. Idda alimtazama. Chai yake ilikuwa imefanya utando. Akautoa kwa kidole, akaupangusa kwenye khanga.

"Rudia la kwanza," alimwambia Mikaeli. "Lile jeupe."

Mikaeli alirudia, bila haraka. Jibu likawa lile lile. Idda akaitikia kwa kichwa. Mikaeli alitenga yenye nyufa, akanunua yaliyobaki kwa bei iliyotosha mablanketi manne na jembe jipya, akasema angefika shambani baada ya mavuno. Gunia la mawe meupe walilimwaga nyuma ya chumba chake.

Jioni mama mkwe, Bibi Emilia, aliwangoja mlangoni.

"Mawe ya mwanangu yamekuwaje?"

Agustino alitazama chini. Idda akamfunika mama mkwe blanketi mabegani.

"Yamenunuliwa, mama. Yule mtu ameyasifu sana. Amesema aliyeyachimba alikuwa na jicho."

"Nilijua," Bibi Emilia alisema, machozi yakimtoka. "Nilijua mimi."

Idda alingoja aone kama machozi yatamtoka na yeye. Hayakumtoka. Aliingia jikoni akachochea moto, na Agustino akamfuata.

"Shemeji, siku moja mama atajua."

"Labda," Idda alisema. "Nipe hizo kuni."