Jina la Msichana wa Kitabuni

Leanne wa ofisi ya ustawi wa watoto alituletea vitabu vitano vya picha, vyote vikisema jambo moja: kila mtoto ana kwao. Akaniambia atarudi Alhamisi kunitazama nikimsomea mjukuu wangu Marlina, mwenye miaka mitano, ndipo ofisi iamue kama abaki nami au apelekwe mjini Alice Springs kwa watu wengine. Wanaochapisha kwamba kila mtoto ana kwao ndio hao hao wenye gari la kuja kumchukua. Dada yangu walimchukua vivyo hivyo tukiwa watoto, ila wakati ule hawakuleta vitabu.

Mke wangu alifariki mwezi wa tano. Tulihama nyumba yake, kama mila yetu inavyotaka mtu akifa, tukawa tunalala kwenye baraza ya mdogo wangu, na ofisi ikaandika kwamba mtoto hana makazi. Nimechoka kueleza. Kila mwaka wanaleta mtu mpya, naye anaanza upya na maswali yale yale.

Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuswaga ng'ombe. Nasoma, ila polepole, kidole kikitangulia. Nikachagua kitabu chenye maneno machache. Ukurasa wa kwanza tu, nikakuta msichana wa kitabuni ana jina la marehemu mke wangu. Kwetu jina la marehemu halitajwi mpaka miaka ipite, na yeyote aliye na jina hilo tunamwita Kunmanara. Basi wiki nzima tulisoma Kunmanara na mto wao, Kunmanara na shangazi zake. Marlina hakuuliza, alikuwapo msibani. Alichouliza ni mbona kangaruu waliyemchora amenona hivyo na hakuna aliyempiga risasi.

Alhamisi Leanne akaja, akaketi nasi, fomu magotini. Nikasoma. Ukurasa wa tatu akaweka kalamu chini ya jina.

"Hapa, mzee. Hapa pameandikwa nani?"

Nikasema Kunmanara. Akaandika kitu. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba kutojua kusoma si aibu, ila mtoto anahitaji mtu wa kumsaidia masomo. Akarudisha kalamu pale pale. Nijaribu herufi ya kwanza tu.

Ya kwanza naijua. Nazijua zote. Nikilitamka, Marlina anabaki. Nikafungua mdomo, na Marlina akanibandika mdomoni kiganja chenye unga wa mkate.

"Babu, usimwite Bibi," akasema. "Ataacha kwenda zake, arudi."

Nikakishusha kile kiganja.

"Jina hilo nalisoma," nikamwambia Leanne. "Nimeliita miaka arobaini na moja. Mwenyewe tumemzika. Sasa haliitwi."

Masikio yakamwiva. "Ungeniambia tangu mwanzo, mzee."

"Ungeuliza tangu mwanzo."

Akafuta alichoandika, akaandika kingine, kirefu. Akasema yeye ataomba mtoto abaki, lakini anayesaini ni mkubwa wake. Mkubwa huyo hajawahi kukanyaga huku.

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Marlina abaki nami hadi Krismasi, halafu waje kutazama tena. Niliisoma yote, neno kwa neno, yeye kaniegemea begani. Akauliza mbona haina picha. Nikamwambia aliyeiandika hajui tunafananaje, nikaenda kujilaza.