Thelathini na Mbili, Kamili Kabisa

Tangu akiwa mtoto walimwita Chiriku, na jina hilo halikumbanduka hata alipokuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu za mbele. Sababu ilikuwa koo lake. Akisikia kitu mara moja, anacho. Aliiga mlango wa jikoni unavyolia, akamwiga muuza maziwa, akaiga kikohozi cha jirani mpaka jirani mwenyewe akaja kuuliza nani anaumwa humu ndani.

Alilelewa na shangazi yake, fundi wa nguo za kike, na kitanda chake cha mchana kilikuwa chini ya meza ya kukatia, juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Alisinzia kwa mlio wa cherehani, akaamka kwa mlio wa cherehani.

Alipokua, koo lile lilimletea sifa na lilimletea tabu. Ijumaa aliimba jazi kwenye ukumbi wa hoteli, taratibu, watu wakasahau vinywaji vyao mezani. Jumamosi aliimba dansi harusini na kuwatoa jasho wazee wenye magoti mabovu. Jumapili utamkuta kwenye kwaya, safu ya nyuma, sauti ya pili, mpole kana kwamba ya jana aliyafanya mtu mwingine. Wenye studio walimsikiliza, wakampongeza, halafu wakamwuliza swali lile lile: "Sasa wewe tukuweke kapu gani?" Miaka saba alikosa kapu. Mwisho akaacha kulitafuta. Alichukua kila alichokuwa nacho, jazi na kwaya na dansi na nyimbo za kubembeleza watoto, akavishona pamoja kwenye albamu moja ya nyimbo tisa, ya kwanza maishani mwake, akaiita Viraka.

Shangazi hakulipenda jina.

"Kiraka ni cha nguo iliyotoboka," alisema, jicho moja kalifumba, anatia uzi kwenye tundu la sindano. "Wewe umetoboka wapi? Ungeiita Vipande."

"Majalada yameshachapwa, shangazi."

"Basi. Ila mimi nitaiita Vipande."

Santuri zilikuja, maboksi mawili, zikakaa nyuma ya mlango wa chumba cha Chiriku. Uzinduzi ulipangwa Jumamosi saa kumi jioni. Redio ilikuwa imeshaanza kuupiga wimbo wa nne, na mtangazaji alisema hajui auite wimbo wa namna gani, lakini mguu wake haukubali kutulia.

Huo wimbo wa nne ulizaliwa kwa bahati mbaya. Siku ya kurekodi, Chiriku alikuwa katikati ya ubeti wa pili pale karatasi ya maneno ilipoteleza kwenye kishikizo chake, ikapepea, ikaingia chini ya kinanda. Mpiga besi, mzee mmoja asiyeshtuka hata nyumba ikiungua, aliendelea kupiga. Na mwimbaji wa jazi akikosa maneno hanyamazi, anaimba chochote kinachokuja. Wengine huimba sha-ba-da, wengine du-bi-du. Chiriku alifumba macho, na kilichokuja kilitoka mbali, kutoka chini ya meza ya kukatia:

"Mwalimu, geuka kidogo. Bega kumi na sita. Mwalimu, inua mkono. Kiuno thelathini na mbili, kamili kabisa kabisa."

Akairudia, akaipindua, akaipandisha juu kama kwaya na kuishusha chini kama bembelezi. Mpiga besi akatabasamu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Fundi mitambo akasema hapa hapaguswi. Wakauita Kipimo, na Chiriku hakuwaza zaidi. Kwake zilikuwa namba tu, sauti za utotoni, sawa na mlio wa mlango wa jikoni.

Jumatano, siku tatu kabla ya uzinduzi, alikwenda dukani kwa shangazi kulijaribu gauni lake la jukwaani. Duka lilikuwa chumba kimoja: cherehani mbili, ya miguu na ya umeme, meza ya kukatia yenye alama za chaki za rangi zote, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na pazia la maua ambalo nyuma yake wateja hubadilishia nguo. Shangazi hakuwa na matangazo ukutani. Alikuwa na sheria moja tu, na Chiriku aliifahamu kabla hajajua kusoma: kipimo cha mteja hakitoki nje ya mlango huu. Hakisemwi kwa mume, hakisemwi kwa dada, hakisemwi hata kwa utani.

Alikuta kuna mteja nyuma ya pazia. Akakaa kwenye kigoda, akachukua pini moja ya kuchezea.

"Mwalimu, geuka kidogo," ilikuja sauti ya shangazi. "Bega kumi na sita. Mwalimu, inua mkono. Kiuno thelathini na mbili, kamili kabisa kabisa kabisa."

Ile pini ilimchoma Chiriku kidoleni na hakuisikia.

Mwalimu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya wasichana, mwanamke mrefu, mpana, asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji kuipandisha. Sasa aliongoza kwaya ya akina mama arobaini, na sare zao zote zilishonwa humu humu. Akikasirika akaondoka, wale arobaini wangeondoka nyuma yake kwa mistari miwili, kama alivyowazoesha. Na mtaani kwao mwalimu anayeitwa Mwalimu tu, bila jina la mbele wala la nyuma, alikuwa mmoja. Redio ilikuwa inakitangaza kiuno chake tangu Jumatatu.

"Shikamoo, Mwalimu," Chiriku alisema pazia lilipofunguka.

"Marahaba. Nasikia umetoa santuri. Sijaisikia bado, redio yangu imeisha betri. Jumamosi nitakuja na akina mama wote."

"Karibuni sana," alisema Chiriku, na sauti yake, ile iliyoweza kuiga kila kitu, ilitoka kama ya kuku aliyekabwa.

Gauni hakulijaribu. Alisingizia kichwa, akatoka, akampigia fundi mitambo akiwa bado barabarani.

"Ule wimbo wa nne unaweza kutolewa?"

"Kutolewa wapi?"

"Popote ulipo."

Fundi mitambo akacheka, kisha akasikia mwenzake hacheki. Akamweleza polepole: santuri zimeshachongwa, redio zote zinao, watu wanatumiana kwenye simu. "Dada, huo sasa ni kama harufu ya vitunguu. Umeshatoka dirishani."

Siku hiyo chakula hakikupita. Alijaribu kujidanganya kwamba hakuna atakayegundua. Akajaribu kupanga kuuacha wimbo ule Jumamosi, lakini ndio waliokuja kuusikia. Wazo lililomkaba hasa halikuwa Mwalimu, wala kwaya. Lilikuwa shangazi, miaka thelathini na tano amekaa na viuno vya mji mzima kifuani mwake, halafu anayemwaga ni mtoto aliyemlaza chini ya meza yake. Alhamisi asubuhi akapiga moyo konde, akarudi dukani kabla ya wateja.

Shangazi alikuwa anapiga pindo. Chiriku hakuzunguka mbuyu. Alisema yote, tangu karatasi ilipoteleza mpaka jana nyuma ya pazia. Shangazi alisimamisha cherehani kwa kiganja, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni la mtu.

"Niwekee nisikie."

Chiriku alimwekea simu sikioni. Shangazi alisikiliza ameinamisha kichwa, uso hauonyeshi kitu, ila mguu wake ulikuwa unakanyaga kanyagio la cherehani polepole, sawasawa na besi. Wimbo ukaisha. Mguu ukakanyaga mara mbili zaidi, ukatulia.

"Umesema kabisa ngapi?"

"Nini?"

"Pale kwenye kiuno. Kamili kabisa ngapi?"

"Mbili. Shangazi, nisamehe, sikujua kama—"

"Mbili," alisema shangazi, akaegemea kiti, na mabega yake yakaanza kutikisika. Chiriku alidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha ndani kwa ndani kisicho na sauti, mpaka akashika ukingo wa meza.

"Njoo hapa. Kaa. Wewe ulilala chini ya hii meza miaka yote hiyo, na masikio yako hayo, na hukujua?" Akachukua tepu shingoni mwake. "Mwanamke ukimtajia namba asiyoitaka, anafanyaje?"

"Anakasirika."

"Hakasiriki. Anabana tumbo. Anabana hivi, anashika pumzi, nawe fundi unapima mtu asiyepumua. Unashona. Anavaa, anafika kanisani, anapumua, zipu inaachia. Lawama kwa nani?"

"Kwa fundi."

"Kwa fundi. Kwa hiyo mimi namtajia namba anayoipenda. Anafurahi, analegea, tumbo linakaa mahali pake, napima. Na kila kabisa moja ni inchi mbili. Hata daftarini naandika hivyo hivyo, maana wanachungulia."

Chiriku alihesabu kwa vidole, midomo inacheza.

"Kwa hiyo Mwalimu…"

"Mwalimu ana thelathini na mbili tangu alipokuja hapa mara ya kwanza, na mimi sijamtoa hapo. Enzi zako za chini ya meza alikuwa na kabisa mbili. Siku hizi tatu. Wewe hukutoa kipimo cha mtu, mwanangu. Umetoa ule uongo wangu, na huo hauna mwenyewe."

Chiriku alishusha pumzi ndefu, akasikia njaa ya tangu jana ikimrudia yote kwa pamoja. Lakini shangazi alikuwa amevaa miwani tena, na uso wa kazi umerudi.

"Usishangilie. Namba ni ya uongo, jina ni lake. Anakuja leo saa nne kuchukua blauzi. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hajaambiwa na watu. Akiondoka, ameondoka."

Saa nne kamili Mwalimu aliingia. Huyo hakuwahi kuchelewa popote. Chiriku alimpa kiti, akasimama mbele yake mikono nyuma, kama wasichana wote wa mji ule walivyowahi kusimama.

"Mwalimu, kuna jambo nimekosa. Kwenye wimbo wangu mmoja nimekutaja. Na kiuno chako nimekitaja."

Mwalimu alinyoosha mkono, akapewa simu. Alisikiliza wimbo mzima ameangalia kioo kilichopasuka. Shangazi, kule pembeni, alikuwa anafungua na kufunga kopo la vifungo bila kutoa kifungo.

"Hii inapigwa redioni?" Mwalimu aliuliza mwisho.

"Ndiyo, Mwalimu. Tangu Jumatatu."

"Redio hiyo inafika wapi?"

"Inafika mbali. Hata nje ya nchi wanaipata."

"Kwa dada yangu inafika?"

"Sijui anakaa wapi, Mwalimu."

"Ng'ambo. Mwaka wa kumi sasa, kila akipiga simu anauliza kama bado napita mlangoni." Akakung'uta kitu kisichokuwepo kwenye sketi yake. "Nipe santuri mbili. Moja yangu. Ya pili uiandike jina lake juu, na chini uandike wimbo wa nne."

Shangazi akageukia ukutani ghafla, akawa anatafuta kitu kwenye rafu tupu.

Chiriku alimsindikiza Mwalimu mpaka nje, blauzi mkononi, miguu myepesi kama amevuliwa viatu vya kubana. Kwenye ngazi Mwalimu alisimama, akainama kidogo, akasema kwa ile sauti ya chini iliyonyamazisha madarasa:

"Wimbo mzuri. Ila kuna mahali umekosea. Kabisa ni tatu siku hizi."



"Unajua, Mwalimu?"

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja," alisema Mwalimu. "Usimwambie fundi. Anajitahidi sana." Akachukua blauzi yake, akaenda zake, wima.

Chiriku alirudi ndani. Shangazi alikuwa anamsubiri kwa hamu, tepu mkononi.

"Amekunong'oneza nini pale nje?"

Chiriku alilichukua gauni lake la jukwaani kwenye ndoano, akaingia nalo nyuma ya pazia la maua.

"Mambo ya mteja, shangazi," alisema kutoka humo. "Wewe mwenyewe umenifundisha."

Nje ya pazia cherehani ikaanza kukimbia.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mwanga wa jua la jioni ulikuwa bado unaingia. Akina mama arobaini walikaa safu za mbele, Mwalimu katikati yao, na shangazi pembeni yake na blauzi mpya ambayo alijishonea usiku wa kuamkia siku hiyo na kulalamika hajaipiga pasi vizuri. Chiriku aliimba jazi, aliimba dansi, aliimba bembelezi, na hakuna aliyenyanyuka kuuliza hili ni kapu gani. Kisha mpiga besi akaanza ule wimbo wa nne, na watu wakapiga makofi kabla Chiriku hajafungua mdomo.

"Mwalimu, geuka kidogo," aliimba.

Na Mwalimu akasimama, mbele ya mji mzima, akageuka. Polepole, mzunguko mmoja kamili, mikono ameinua kidogo kama anapimwa. Wale arobaini wakasimama wakageuka naye, kwa mistari miwili, na ukumbi ukalipuka.

"Kiuno thelathini na mbili," aliimba Chiriku, akamtazama Mwalimu, "kamili kabisa, kabisa." Akasubiri besi ipite mara moja. "Kabisa."

Shangazi aliinua kichwa akamkodolea macho juu ya miwani. Pembeni yake Mwalimu alikuwa anakaa chini taratibu, anatazama mbele, tumbo limelegea, anapumua vizuri.