Nyumba Iliyorudi Upya

Vumbi la magunzi ya mahindi lilikuwa limetanda ua mzima, na Marlys alilifagia haraka haraka kwa sababu baba yake alikuwa njiani. Mzee Eino alikuwa amekwenda kukaa mjini kwa mwanawe Wendell, ili apishe kelele za kompresa.

Garth, fundi, alikuwa anakunja mpira mnene wa kompresa yake. Kutwa alikuwa akiyapiga magogo ya nyumba kwa punje za magunzi yaliyosagwa, zikisukumwa na upepo wa kompresa, mpaka rangi kuukuu ikabanduka. Nyumba iliyokuwa nyeusi kama chungu sasa ilikuwa ya manjano, inanukia msonobari.

"Nimekunyolea bwana harusi, dada," alisema Garth. "Kesho nakuja kumvisha rangi. Mvua ikimkuta uchi hivi, ataota ukungu."

"Baba atafurahi," alisema Marlys.

Yote aliyafanya kwa ajili yake. Magogo ya chini yalikuwa yameanza kulainika, na Wendell alikuwa ameshasema kwamba nyumba ikioza, mzee atapelekwa kwenye makao ya wazee. Kumbukumbu za Eino zilikuwa zinamponyoka, lakini nyumba hii aliijenga kwa mikono yake, na humo ndani hakuwa akipotea. Marlys alitaka abaki humo, basi.

Gari la Wendell likaingia. Mzee akashuka, akavua kofia, uso ukamkunjuka.

"Kumbe limekubali!" alisema, akilipapasa gogo la pembeni. "Shoka lilinikatalia hapa, nikalitukana mpaka nikaona haya."

Marlys alicheka, machozi yakimlenga. "Imependeza, Baba?"

"Imependeza, binti. Imebaki sakafu tu." Akamtazama kwa adabu. "Wewe ni wa kwa nani? Wa kwa jirani zetu akina Salmela?"

"Ni mimi, Baba. Marlys."

"Jina zuri. Lempi akijaliwa msichana, nitamtajia."

Lempi alikuwa mama yao. Walimzika zamani.

"Tuingie ndani," Marlys alisema, akimshika mkono. "Kahawa iko tayari."

Mzee aliuchomoa mkono wake taratibu. "Ndani? Nani analala kwenye nyumba isiyokwisha? Sisi tunalala sauna."

Akazunguka nyuma, kwenye kile kibanda cha kuogea mvuke. Kama watu wote wa kwao, alikijenga hicho kwanza, wakalala humo yeye na Lempi mpaka nyumba ilipokamilika. Siku hizi kilijaa kuni na reki.

"Ungeiacha ilivyokuwa," alisema Wendell.

"Ingeoza! Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema. Sasa atalala juu ya kuni? Baridi ya huku unaijua."

Marlys akamgeukia Garth. "Ukiipaka leo rangi nyeusi, itafanana na ile ya mwanzo?"

Garth alijikuna shingo. "Dada, ule weusi ni wa jua, na moshi, na rangi juu ya rangi miaka yote hiyo. Nikipaka leo, atauona mpya tu." Akainamisha kichwa. "Nisamehe."

Mzee alitoka saunani na ndoo tupu, nywele kazilowesha maji na kuzichana. Akaifudikiza kando ya barabara, akaikalia.

"Unamsubiri nani, Baba?"

"Lempi. Kaenda kwao kuchukua vyombo. Asije akapita, nyumba hajaiona hivi."

Marlys alifungua kinywa. Kumwambia kungekuwa kumfisha mama yake mara ya pili, mbele ya mtu aliyechana nywele kwa maji ili ampokee. Akakifunga. Nyuma yake alimsikia Wendell kwenye simu, kwa sauti ya chini, akiuliza kama kuna chumba kinachotazama miti.

Marlys akakaa kwenye nyasi, karibu na ndoo. Gari likatokea kwenye kona. Mzee akasimama, akanyoosha ukosi wa shati. Gari likapita.

"Siye," alisema.

"Siye," alisema Marlys.