Pua ya Samah

Kwa miaka kumi na miwili Samah aliishi na pua iliyoziba. Kila akiamka kichwa kilikuwa kizito juu ya macho, mashavu yanauma, makamasi yanateremkia kooni. Alinunua vidonge na dawa za matone hadi akachoka, mwisho akazoea. Ila mwaka jana, baada ya mafua makali ya mwezi wa Ramadhani, alifungua duka asubuhi moja akagundua kwamba hanusi kitu chochote.

Angekuwa anauza vitenge, angevumilia. Lakini Samah alikuwa anauza udi. Duka lao lilikuwa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na baba yake, Mzee Saif, ndiye aliyekuwa akipika udi wa harusi ambao watu waliufuata hata kutoka Tanga. Vipimo vyake hakuviandika popote. "Udi unapikwa kwa pua," alikuwa akisema, na hapo mazungumzo yaliisha. Sasa alikuwa na miaka themanini na moja, moyo umechoka, miguu imevimba, na alitaka kumwachia binti yake kazi ile kabla hajaondoka.

Kila Jumamosi walipika uani, nyuma ya duka. Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki, Samah akakoroga sukari na vipande vya udi juu ya mkaa, kisha akatia miski, karafuu ya kusaga na mafuta ya msandali.

"Imefika?" mzee aliuliza.

"Bado kidogo, Baba."

Alikuwa anatazama rangi tu. Sukari ikigeuka rangi ya chai ya rangi, alisema imefika, na mzee akatikisa kichwa kukubali. Mara nyingi Samah alikusudia kumwambia ukweli. Kila mara alimtazama jinsi alivyokaa pale na kanzu yake safi, akashindwa.

Ndipo akaenda kliniki. Daktari alimwambia ana vinyama puani na uvimbe wa siku nyingi, akamwandikia dawa ya kupuliza, akamkabidhi kwa muuguzi anayeitwa Vicky amfundishe kusafisha pua kwa maji ya chumvi.

"Maji uyachemshe kwanza, yapoe mpaka yawe vuguvugu," Vicky alisema. "Ya bombani usiyatumie hivi hivi, hata yakionekana safi. Inama kwenye sinki, geuza kichwa upande, acha mdomo wazi upumulie hapo. Minya chupa hii taratibu. Yanaingia tundu hili, yanatokea lile."

"Nitanusa tena?"

"Dada Samah, kupumua utapumua. Kunusa siwezi kukuahidi. Kwa wengine inarudi, kwa wengine hairudi."

Siku ya kwanza alipaliwa. Maji yalimwingia kooni, sikio likaziba, machozi yakamtoka akiwa ameshika sinki kwa mikono miwili. Siku ya tatu yalipita. Wiki ya pili ulitoka ute mzito wa kijani, mwingi mpaka akaona aibu ingawa alikuwa peke yake, na kesho yake aliamka mdomo haujakauka. Alikuwa amelala akipumua kwa pua. Alikwenda dukani mbiombio, akafungua chupa ya miski, akaivuta kwa nguvu. Hakuna kitu.

Wiki ya tatu Bi Kijakazi wa mtaa wa Gerezani aliagiza udi wa harusi ya binti yake. Wakapika. Mzee siku hiyo alikuwa dhaifu, hata kiti kilimchosha. Samah alipoipua sufuria alimkaribishia kijiko puani.

"Imekaa sawa?" mzee aliuliza.

"Imekaa sawa, Baba."

Mzee alimshika kiganja. "Basi nimepumzika. Pua yako ndiyo yangu sasa, mwanangu."

Siku tisa baadaye, baada ya sala ya adhuhuri, aliomba chai. Alipoletewa alikuwa ameshakata roho. Walimzika alasiri hiyo hiyo.

Samah alilia, na kilio kikamziba pua kabisa. Muda wote wa msiba alipumua kwa mdomo, kichwa kinamgonga. Hakuwa na haja tena ya kusafisha pua. Yule ambaye kwa ajili yake alikuwa akiharakia kunusa tena hayupo. Ammar, mdogo wake, karani wa bandarini, ndiye aliyechemsha maji, akapima chumvi, akamwekea chupa kando ya sinki bila kusema neno. Samah akaanza upya.

Wiki ya saba, Jumatatu asubuhi, alikuwa anafagia uani aliposimama ghafla. Kitunguu. Jirani alikuwa anakaanga kitunguu. Harufu ilikuwa nyembamba, inakuja na kupotea, lakini ilikuwa ya kitunguu. Aliweka ufagio chini. Alichokitaka ni kimoja tu. Aliingia dukani, akachukua kopo la udi ule wa mwisho, akawasha mkaa, akaweka kipande kwenye chetezo.

Iliyopanda ilikuwa harufu ya sukari iliyoungua na mafuta yaliyooza.

Alidhani pua inamdanganya. Akanusa karafuu: karafuu. Akanusa miski: miski. Akafungua chupa ya mafuta ya msandali, ile waliyokuwa wakimiminia kila Jumamosi, akageuza uso. Yalikuwa yameharibika siku nyingi. Miezi yote hiyo yaliwekwa mbele ya Mzee Saif, na Mzee Saif akatikisa kichwa kukubali.

Akampigia simu Ammar.

"Baba alikuwa ananusa?" aliuliza.

"Amekuambia nani?"

"Nijibu."

"Mwaka juzi aliniambia pua yake imekufa. Alisema nisikwambie, usije ukakata tamaa kabla hujajua kazi. Alisema atakutegemea wewe."

Samah alikaa juu ya gunia la ubani, simu mkononi, mpaka ikakatika yenyewe.

Jioni alikwenda Gerezani. Bi Kijakazi alimpokea vizuri, akamtandikia mkeka, akamwuliza habari za nyumbani.

"Bi Kijakazi, nimekuja kuuliza habari za ule udi."

Bi Kijakazi alitazama pembeni. "Tuliuzima, mwanangu. Tukatafuta mwingine hapo hapo."

"Mbona hukuniambia?"

"Baba yako alikuwa mgonjwa. Halafu akafa. Ningekwambiaje?"

Samah alimwomba radhi, akanywa kahawa aliyopewa, akarudi kwa miguu. Kesho yake alimwaga makopo yote yaliyobaki.

Bado anasafisha pua asubuhi na jioni, na harufu zinarudi mojamoja. Jumamosi anapika peke yake, akijaribu kukumbuka udi wa utotoni mwake, ule uliokuwa ukishika kwenye nguo kwa wiki nzima. Anaongeza karafuu, anapunguza miski, anamwaga, anaanza tena. Udi wake ni mzuri, na wateja wachache wamerudi. Wakimwuliza kama ndio ule wa mzee, anawaambia hapana.