Jioni Kwaya Ilipotumiwa Picha

Picha ilifika nikiwa kihambani, shamba letu la nyumbani, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Nilifuta kidole kwenye kanga nikaifungua. Sura ilikuwa yangu, ya picha niliyopiga siku nilipopata leseni ya kuongoza wageni mlimani, nikicheka hadi ufizi unaonekana. Kuanzia shingoni kwenda chini ulikuwa mwili wa mwanamke mwingine, uchi, umeunganishwa na kichwa changu kwa ustadi kiasi kwamba nilijishika kifua kuhakikisha nimevaa nguo.

Maneno yalifuata: "Mwisho Ijumaa jioni. Usipotuma hela, kwaya nzima wataiona, na baba yako mzee wa kanisa."

Mwizi huyu mlango nilimfungulia mwenyewe. Wiki mbili nyuma alinipigia mtu mwenye sauti ya upole, akasema kampuni yao inatafuta waongozaji wa kike kwa msimu mzima. Alivijua vituo vyote vya njia ya Marangu ya kupandia mlima. Akasema zimetumwa tarakimu sita kwenye simu yangu za kuthibitisha maombi, nimsomee. Ujumbe wenyewe ulisema usimpe mtu yeyote namba hizi. Niliyaona maneno hayo huku namtajia. Kufumba na kufumbua akaunti yangu ikawa yake: picha zangu, ndugu zangu, kundi la kwaya.

Siku mbili nilimbembeleza. Hilo linaniuma hadi leo kuliko picha yenyewe. Nilimwita kaka. Niliandika naomba. Nilimtumia akiba yangu yote, na saa moja haikupita akataka nyingine. Ijumaa asubuhi akaniandikia: "Usilie, Hilda. Wewe sasa ni mali yangu."

Nililisoma neno *mali* mara tatu. Machozi yalikauka.

Baba alikuwa bandani akiwakatia ng'ombe migomba. Tangu mama afariki tuliishi wawili, na baba yangu, mzee Eliufoo, alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa ng'ombe wake. Nilimpa simu kabla ujasiri haujaniisha.

"Si mwili wangu, Baba. Wameunganisha."

Aliitazama, kisha akanirudishia, kioo kikiwa chini.

"Hata ungekuwa wako," alisema, "mwizi ni yeye." Akaweka panga, akanawa mikono. "Vaa viatu, mama. Tunashuka Moshi."

Kituoni askari kijana aliikuza picha kwa vidole viwili, akatabasamu. "Lakini dada, kwa nini mnapenda kujipiga picha za hivi?"

Baba aliinuka. Nilimshika mkono wa koti nikamketisha. Jibu hilo lilikuwa langu.

"Afande, andika kwanza kwamba picha ni ya kughushi. Andika kwamba natishiwa. Swali lako nitalijibu ukishamaliza kuandika."

Tabasamu lilimtoka. Aliandika. Mwenzake, mama mtu mzima aliyekuwa meza ya pili, alisogeza kiti akaniuliza kama nimefuta ujumbe wowote. Nikasema hapana. "Umefanya vizuri. Usifute, usimjibu, usimlipe tena. Na wale anaokutishia nao, waambie wewe kabla hajawaambia yeye."

Yule mtu hajakamatwa. Laini aliyotumia ilikutwa na jina la bibi mmoja wa mkoa wa mbali, ambaye hata hakujua kwamba jina lake lina laini ya pili. Akaunti yangu niliirudisha baada ya wiki tatu, nikaiwekea namba ya siri ya ziada ambayo siandiki popote wala simtajii mtu, hata akiniita kwa jina la ubatizo. Mlimani wapo wapagazi walioniona kwenye picha ile wakacheka. Nimewapandisha hadi kileleni wakiwa nyuma yangu.

Ila ninayoikumbuka zaidi ni jioni ile ile ya Ijumaa. Tulipanda kutoka Moshi, nikaenda kanisani moja kwa moja na vumbi langu. Kwaya ilikuwa imeshapanga mistari. Nilimwomba mwalimu wetu, Efraimu, dakika moja.

"Leo mtatumiwa picha yenye sura yangu," niliwaambia. "Ni ya kutengenezwa. Aliyeitengeneza anataka niwaogope ninyi ili nimlipe. Silipi. Anayetaka kuitazama aitazame, ila ajue anamsaidia mwizi kazi."

Kisha simu zikaanza kutetemeka juu ya mabenchi, moja, nyingine, zote. Wilson wa sauti ya nne aliitazama yake, akainamisha kichwa. Magreth, ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu Pasaka, aliichukua yake, akabonyeza, akaitupa ndani ya mkoba.

"Nimefuta," alisema kwa sauti ya ukali. "Nani mwingine?"

Vidole vilianza kufanya kazi, mstari kwa mstari.

Efraimu alinisogelea. "Ukitaka kwenda kupumzika, nenda. Tutaelewa."

"Nipe sauti, mwalimu," nikasema.

Akanipa. Ubeti wa kwanza sauti yangu ilitetemeka. Wa pili haikutetemeka.