Tumbo la Sungura wa Mama Mkwe

Fundi cherehani alikuwa mtu wa haya, hasa mbele ya mama mkwe. Basi mama huyo aliposafiri na kumwachia sungura wake, na siku ya pili tu sungura akagoma kula, fundi alimkimbiza kwa daktari.

Daktari huyo wa mifugo alisema tumbo limelala, halisagi chakula. Akampa dawa, na unga wa majani wa kukoroga na kumlisha kwa bomba la sindano. "Msugue tumbo polepole. Asipopata choo kufikia saa kumi, mrudishe."

Fundi akafunga duka, akampakata mgonjwa kama mtoto mchanga. Kila tone la uji lililoingia mdomoni, matatu yalitua kwenye shati lake. Na kila nusu saa mama mkwe, aliyekwisha kupata habari, alipiga simu.

"Vipi, mwanangu, amepata?"

"Bado, mama. Tunamsubiri… mgeni."

"Mgeni gani? Mimi nimekuachia sungura!"

"Namaanisha ile haja," akanong'ona.

"Sikusikii!"

Hapo hapo punje nyeusi ikadondoka pajani mwake. Ikafuata ya pili. Haya zikamtoka kama chafya.

"Amekunya, mama! Mavi yenyewe, mawili!"

Vigelegele vikapasuka simuni. "Hongera, baba! Makubwa au madogo?"

Watu wawili ambao tangu harusi hawakuvuka salamu wakayajadili mavi yale dakika ishirini nzima. Sungura naye akaanza kutafuna futi ya kupimia nguo, ikabidi fundi amnyang'anye na kumpa majani.