Mzee Anayekula Mtandao

Jumatatu mchana, katikati ya usaili, wasaili watatu waliganda kwenye kioo cha simu ya Kitinda. Wa kwanza alikuwa ameinua kalamu, wa pili amefumba macho, wa tatu kaacha mdomo wazi kama mtu anayekaguliwa meno. Kitinda akasubiri, mgongo wima, tabasamu la adabu usoni, sare yake ya ukunga imepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inakata. Kiduara kikazunguka. Kilipochoka kuzunguka, wasaili walikuwa wameshaondoka, na ujumbe wao ulikuwa umefika. Walisikitika kwamba hakujibu swali. Wangempa nafasi nyingine Alhamisi, nayo ingekuwa ya mwisho.

Hospitali ilikuwa ng'ambo, na ilitaka wakunga. Kitinda alikuwa amechoka kuzalisha wanawake huku ameuma tochi kwa meno, na hospitali ile, kwa picha zake, ilikuwa na taa hata kabatini.

Akatoka chumbani. Koridoni alikuwa baba yake, kwenye kiti chake.

"Walikuuliza ungefanya nini mama akivuja damu baada ya kondo la nyuma kutoka," mzee akasema. "Swali zuri. Ukanyamaza."

"Sikulisikia, baba."

"Mimi nililisikia."

Kitinda akamshukuru, akaenda sebuleni kuzima kisanduku cha mtandao na kukiwasha upya.

Kisanduku kilikuwa kimoja kwa nyumba nzima. Kilikuwa na antena mbili na taa nne za kijani, na kilitumiwa na Kitinda, kaka yake, mke wa kaka aliyeitwa Mama Pacha, na pacha wenyewe, wasichana wa darasa la tano ambao walisoma, walicheza na waligombana humohumo mtandaoni. Mzee hakuwa na simu. Alikuwa kinyozi mpaka macho yalipomsaliti, na banda lake lilipofungwa alirudi nyumbani na vitu vitatu: kiti cha chuma kinachozunguka, kioo kirefu kama mlango, na redio. Vyote viliwekwa koridoni, kwa kuwa vyumbani hapakuwa na nafasi. Naye akawekwa hapohapo.

Enzi zake alikuwa msemaji hasa. Mtu aliyenyolewa nusu kichwa haondoki, kwa hiyo mzee alizoea kusikilizwa mpaka mwisho. "Akili ni nywele," alipenda kusema, "na mimi nimefagia za mtaa mzima." Siku hizi watu walipita mbele yake wakienda chooni, wakamsabahi wakiwa wanatembea, na jibu lake likawakuta wameshafunga mlango.

Jioni ile kaka alikuwa anatazama mpira kwenye simu. Mchezaji aliinua mguu na kubaki nao hewani.

"Wamefunga," mzee akasema kutoka koridoni. "Kona, kichwa, kipa kaenda kulia."

"Mzee, usitumalizie utamu bwana," kaka akalalamika.

Baada ya muda mguu ukashuka. Ikawa kona, ikawa kichwa, na kipa akaenda kulia.

"Na wewe mama," mzee akamwambia mkwewe aliyekuwa anapita na ndoo, "yule bosi wako mwenye kikohozi anasema taarifa haifai. Uirudie."

"Asante, baba," Mama Pacha akasema. Akatua ndoo, akaenda kuirudia.

Kitinda hakula vizuri. Alhamisi ilikuwa karibu. Akaketi na kusoma ushauri wote uliokuwepo kuhusu mtandao unaosuasua, akiusoma mstari baada ya mstari kadiri ulivyojitokeza, na kesho yake asubuhi akaanza kazi. Kisanduku akakipandisha juu ya kabati. Nywila akaibadilisha, ili kama kuna jirani anayedoea, alale njaa. Pacha akawanyang'anya michezo, wakamwita shangazi katili. Mtandao ukabaki konokono.

"Ushauri unasema chuma kinazuia mawimbi," akamwambia kaka yake. "Na vioo vinayarudisha nyuma. Na redio inaweza kuvuruga."

Wote wawili wakatazama koridoni.

"Ni kwa muda tu, baba," kaka akasema.

"Muda ni wenu," mzee akajibu, akanyanyuka.

Kiti kikapelekwa uani, chini ya bomba la maji ya mvua. Kioo kikageuziwa ukuta, nyuma ya kiti. Redio ikatolewa betri na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mzee akapewa stuli ya jikoni. Kitinda akapima kasi kwa simu. Ilikuwa imeshuka zaidi.

Jumatano wakamwita fundi. Alikuwa kijana mwenye mkoba mgongoni, mtu wa maneno machache. Alikagua nyaya, akakigonga kisanduku kama anayegonga nazi, kisha akatembea nyumba nzima na kipimo mkononi. Alipofika koridoni, sindano ya kipimo ikalala. Akarudi nyuma hatua chache, ikainuka. Akasogea tena, ikalala. Akakiweka kipimo karibu na bega la mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo anakuuliza utarudi na mkate au hurudi nao. Ameshakuandikia mara mbili."

Fundi akatazama simu yake. Haikuwa na kitu. "Nitarudi nao," akasema, kisha akawageukia wenye nyumba. "Kisanduku ni kizima. Mtandao wote unaingia kwa mzee."

"Kumbe si kiti?" Kitinda akauliza.

"Kiti hakina hatia. Wapo wazee wa namna hii. Kuna bibi mmoja nilimkuta anakula mtandao wa ghorofa zima. Mtu aliyezoea kuongeleshwa, ukimkatia maneno, anayatafuta yanapopita."

"Dawa yake?" kaka akauliza. "Hazimwi na kuwashwa?"

"Mtu huyo, bwana. Muongelesheni. Akiwa na mazungumzo yake, anaachia ya wengine."

Wakajaribu palepale, fundi akiwa na kipimo. Kaka akachuchumaa mbele ya baba yake.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

Sindano ikapanda.

"Mgongo unaendeleaje?"

"Unaendelea kuuma."

Sindano ikapanda zaidi, na pacha wakashangilia kutoka chumbani. Kaka akafikiri. Akajikuna shingo. Akamtazama mkewe.

"Usinitazame mimi," Mama Pacha akasema. "Mimi mkwe. Nikae na baba mkwe nimpigie porojo, nimekuwa nani?"

Sindano ikashuka taratibu mpaka chini. Mzee akaendelea kumtazama mwanawe kwa subira, kama anayemtazama mteja anayechagua mtindo.

"Kesho mchana niko kazini," kaka akasema, akainuka. "Kitinda ndiye anayejua kukaa naye."

"Kesho mchana ndio usaili wangu. Nina mdomo mmoja, kaka."

Fundi alikuwa anafunga mkoba. "Wengine wanarekodi," akasema. "Sauti ya mtu anayemjua. Mzee hachagui sana. Ila muachieni nafasi ya kujibu."

Jioni ile, kabla ya kutoka zamu kwenye zahanati alikofanya kazi, Kitinda alijifungia kwenye stoo ya mashuka na simu yake ya zamani. Aliwajua waongeaji kwa kuwa alilelewa na mmoja. Utotoni alifagia nywele bandani na kuwasikia wateja. Hawakumpa baba yake hoja. Walimpa mlango tu, na yeye akapita. Kwa hiyo akarekodi: "Shikamoo, baba." Akanyamaza kiasi. "Enhe." Akanyamaza zaidi. "Kweli?" Mwishoni akasema, kwa sauti aliyoipenda mzee kuliko zote, "Halafu ikawaje?" Akaitega ijirudie. Aliposikiliza, aliona ni binti mwema sana, binti mwenye nafasi.

Alhamisi mchana mzee akahamishiwa chumba cha nyuma pamoja na stuli. Kitinda akaiweka simu ya zamani dirishani, akaiwasha, akafunga mlango. Mikono ilikuwa imelowa jasho, akaifuta kwenye sare, kisha akajuta kuikunja sare. Akakaa mbele ya simu nyingine.

Wasaili watatu wakatokea, wamekolea rangi. Aliona hadi uzi uliofumuka kwenye kola ya wa pili. Nyuma yake, kupitia kuta mbili, aliisikia sauti ya baba yake ikianza chini chini, kama gari lililolala muda mrefu gereji. Kila iliposimama moyo wake ulisimama nayo, akisubiri picha igande. Kisha mzee aliendelea, na picha nayo ikaendelea.

Wakamuuliza angefanya nini mama akivuja damu baada ya kondo la nyuma kutoka.

Kitinda akajibu. Alijibu kwa mikono na kwa mdomo, akalikanda tumbo lisilokuwepo, akataja sindano, akataja dripu, akataja nani wa kumwita na nini cha kumwambia mama mwenyewe wakati huo ili asiogope. Wasaili wakaitikia kwa vichwa, na vichwa vyao havikukatika njiani. Walimwambia kazi ni yake kabla hawajaaga.

Alienda kumwambia baba yake. Alipofika mlangoni akasita, maana mzee alikuwa katikati ya kisa cha mteja aliyelala kitini akaamka kipara.

"Halafu ikawaje?" simu ikauliza.

"Nimeshakuambia hicho, mwanangu," mzee akasema. "Lakini sawa." Akakianza upya.

Kitinda akaona si vizuri kumkatisha. Akamwambia wakati wa chakula, na mzee akampa mkono na kumwombea heri.

Kitinda aliondoka mvua zilipoanza. Kiti kilikuwa bado uani, kutu imeanza kwenye nguzo yake. Sasa ilijulikana kwamba hakikuwa na hatia, lakini kilikuwa kizito, na aliyekitoa hakuwa na haraka ya kukirudisha. Simu ya zamani aliiacha dirishani pamoja na chaja.

Hospitali ya ng'ambo ilikuwa kama kwenye picha. Siku yake ya kwanza ya mapumziko alipiga simu ya video nyumbani. Kaka akapokea sebuleni. Picha ilikuwa safi ajabu; aliweza kuhesabu ndevu za kidevu chake. Pacha walipita nyuma, kila mmoja na kifaa chake, hakuna aliyelalamika.

"Mtandao umekaa sawa," Kitinda akasema.

"Toka uondoke haujaguswa."

"Baba yuko wapi? Nataka nimuamkie."

"Yuko chumba cha nyuma."

"Mwite basi."

Kaka akageuza shingo kutazama koridoni, kisha akarudi.

"Anaongea."

"Na nani?"

"Na wewe," kaka akasema. "Tukimkatisha, tutaganda."

Kitinda akafikiri.

"Basi msimsumbue," akasema.

Kwa kuwa kasi ilikuwa nzuri, alimsikia mzee vizuri kutoka mbali kule, akicheka jambo alilolisimulia mwenyewe, kisha akinyamaza ili ampe binti yake nafasi ya kujibu.